Mgao wa kaunti: kwa nini fedha zilizopitishwa na Bunge hukawia njiani

Kila ifikapo robo ya pili ya mwaka, Wakenya husikia mvutano uleule: Seneti inataja kiasi kimoja, Bunge la Kitaifa linataja kingine, nao magavana wanatishia kufunga ofisi. Kwa mwaka wa fedha 2025/26, kiasi kilichopita ni shilingi bilioni 415 kwa kaunti zote 47. Taarifa za habari hukomea hapo, kana kwamba mambo yamekwisha. Kwa muuguzi wa zahanati ya Tana River, au mwanakandarasi aliyechimba kisima Kitui, mambo hata hayajaanza. Kiasi kilichoandikwa katika sheria ni haki ya kudai tu. Kinacholipa mshahara ni siku ambayo fedha zinaingia Benki Kuu, na sehemu kubwa ya ugomvi kati ya Nairobi na kaunti ni ugomvi wa tarehe uliovaa nguo za ugomvi wa kiasi.

Anayekusanya na anayetumia

Katiba ya 2010 iliiachia serikali ya kitaifa kodi zote nono: kodi ya mapato, VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Hayo yamo katika kifungu cha 209. Kaunti zikapewa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma kama leseni za biashara, maegesho ya magari, soko na hospitali. Kisha Jedwali la Nne likazikabidhi kaunti kazi zinazokula fedha kila uchao: zahanati na hospitali zote isipokuwa zile za rufaa za kitaifa, kilimo, barabara za kaunti, maji, na elimu ya chekechea.

Hesabu yenyewe inajieleza. Mwaka wa fedha 2023/24 kaunti zote kwa jumla zilikusanya takribani bilioni 59 kutoka vyanzo vyao wenyewe. Mgao kutoka Nairobi mwaka huohuo ulikuwa bilioni 385.4. Narok ina ada za Maasai Mara, Nairobi ina maegesho na majengo, lakini Mandera au Lamu haina pa kushika pakubwa. Kukopa nako kumefungwa kwa kufuli mbili: kifungu cha 212 kinataka serikali ya kitaifa iudhamini mkopo, na bunge la kaunti liuidhinishe. Kwa hiyo mgao ukichelewa wiki nane, gavana hana chungu kingine cha kuchotea.

Asilimia 15 ya nini?

Kifungu cha 203 kinasema mgao wa kaunti usipungue asilimia 15 ya mapato yote yaliyokusanywa na serikali ya kitaifa. Wanasiasa wa pande zote mbili hupenda kuinukuu, na kila mmoja hupata jibu linalomfaa. Siri iko katika kipengele kidogo kinachofuata: asilimia hiyo hupigwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na Mkaguzi Mkuu na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Si mapato ya mwaka huu.

Bunge la Kitaifa limezoea kuchelewa kuziidhinisha hesabu hizo. Mgao wa 2023/24 ulipimwa kwa mapato ya 2019/20, takribani trilioni 1.57, na kwa kipimo hicho kaunti zilipata asilimia 24.5. Hazina ya Kitaifa ikasema kaunti zimependelewa, zimepewa zaidi ya Katiba inavyotaka. Lakini mwaka huohuo wa 2023/24 Mamlaka ya Ushuru ilikusanya trilioni 2.407. Ukigawa bilioni 385.4 kwa kiasi hicho, asilimia inashuka hadi 16 hivi. Ni kweli kwamba ndani ya trilioni hizo kuna tozo zinazokusanywa kwa niaba ya taasisi nyingine na ambazo hazigawanywi, kwa hiyo hesabu kamili inapanda kidogo. Hata hivyo, pengo kati ya 16 na 24.5 halikutokana na ukarimu wa mtu. Lilitokana na kutumia hesabu za miaka minne nyuma kwa kuwa zilizofuata hazikuwa zimeidhinishwa, ilhali anayenufaika na ucheleweshaji huo ndiye mwenye jukumu la kuumaliza.

Wabunge wa Kitaifa na maseneta wakishindwa kukubaliana kuhusu kiasi cha mgao, mswada hupelekwa kwa kamati ya upatanishi yenye idadi sawa kutoka kila upande. Ina siku 30. Ikishindwa, mswada unakufa na safari inaanza upya. Ndivyo ilivyokuwa 2019, Bunge la Kitaifa liliposhikilia bilioni 310 na Seneti bilioni 335. Mwaka wa fedha ulianza Julai bila sheria, na mwafaka wa bilioni 316.5 ukaja Septemba. Miezi yote hiyo hospitali hazikuacha kupokea wagonjwa.

Bilioni 400 zilizorudi nyuma

Mwaka 2024 ulionyesha jambo jingine: hata sheria ikishapita, kiasi kinaweza kurudi nyuma. Sheria ya Ugavi wa Mapato ya mwaka ule, ambayo ndiyo hutaja mgao wa kaunti, ilizitengea bilioni 400.1. Hesabu hiyo ilitegemea Mswada wa Fedha uliokusudiwa kuleta takribani bilioni 346 za kodi mpya. Maandamano ya Juni 25 yakafika hadi ndani ya Bunge, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini mswada huo. Hazina ikataka mgao wa kaunti upunguzwe hadi bilioni 380.

Magavana walikuwa na hoja nzito. Sheria za Ugavi wa Mapato zimekuwa zikibeba kipengele kinachosema kwamba mapato ya taifa yakipungua kuliko yalivyotarajiwa, upungufu huo hubebwa na serikali ya kitaifa. Mantiki yake ni rahisi: mwenye mamlaka ya kutoza kodi na kukopa ndiye abebe hatari ya kodi kutokuja. Hoja ya Hazina ilikuwa kwamba hapa hapakuwa na upungufu wa kawaida wa makusanyo. Chanzo kizima kilikuwa kimefutwa kabla mwaka haujaanza, na kuirekebisha sheria yenyewe si sawa na kuivunja. Mabunge mawili yalivutana hadi Desemba yakakutana kwenye bilioni 387.425. Nusu ya mwaka wa fedha ilikuwa imekwisha, na kaunti zilikuwa zimepitisha bajeti kwa kutumia kiasi cha kwanza. Kila moja ililazimika kuandaa bajeti ya ziada ili kukata kazi ambazo nyingine zilikuwa zimeshatangaziwa zabuni.

Foleni ya Hazina

Sasa tuchukulie mwaka mzuri: sheria imepita, kiasi kimekubaliwa, Gazeti Rasmi limechapisha ratiba. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka Hazina itoe fedha za kila robo kabla ya siku ya 15 tangu robo hiyo ianze. Kwa vitendo ratiba inayoidhinishwa na Seneti hugawa mgao kwa miezi, kila mwezi asilimia 8 na ushei. Kwa bilioni 415 hiyo ni takribani bilioni 34.6 kwa mwezi. Kifungu cha 219 cha Katiba kinaongeza kwamba fedha zifike bila kukawia na bila kukatwa.

Fedha zote za serikali huingia kwanza katika Mfuko Mkuu wa Serikali ulioko Benki Kuu. Hapo ndipo foleni ilipo, na si kila mdai anasimama mahali pamoja. Kifungu cha 214 kinaufanya ulipaji wa deni la umma kuwa mzigo wa moja kwa moja juu ya Mfuko huo. Haungoji bajeti ya mwaka kupigiwa kura. Pensheni na mishahara ya majaji iko karibu hapo. Deni la umma lilipita trilioni 10 kufikia 2024, na riba pamoja na mtaji unaorejeshwa huchukua zaidi ya nusu ya mapato ya kawaida ya serikali. Nchi ikikosa kulipa hatifungani (bondi) ya kimataifa siku yake, masoko huiadhibu siku ileile. Hazina ikichelewesha fedha za Turkana kwa miezi miwili, adhabu ni matamko ya Baraza la Magavana. Sheria haikuweka riba juu ya mgao uliochelewa. Mdai asiyetoza riba hulipwa mwisho. Mwenye duka yeyote anayekopesha anajua hilo.

Kuna pia suala la siku za kodi. Kodi ya mishahara huwasilishwa tarehe 9 ya kila mwezi, VAT tarehe 20, na kampuni hulipa awamu za kodi ya mapato tarehe 20 za mwezi wa nne, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili. Kwa hiyo Mfuko huwa mkavu wiki za kwanza za mwezi na hujaa baada ya tarehe 20. Mwezi wa Julai ndio mbaya zaidi: Juni imekombwa yote ili kufunga hesabu za mwaka, awamu ijayo ya kampuni ni Septemba, na mikopo mipya ya mwaka haijaanza kuingia. Siku ya mwisho ya kutoa fedha za robo ya kwanza, yaani katikati ya Julai, imewekwa mahali ambapo mwenye kulipa hana kitu. Kukijaza kipindi hicho Hazina hukopa ndani ya nchi kwa minada ya hatifungani, na mnada ukivutia fedha kidogo, anayesogezwa nyuma ni kaunti.

Kwa sababu hiyo utaona mtindo uleule kila mwaka. Fedha za Mei na Juni huwa bado hazijatolewa wakati mwaka mpya unaanza, na fedha za mwaka mpya hutumika kwanza kulipa za mwaka uliokwisha. Ukichukua kaunti zote, miezi mitatu ya kuchelewa ni zaidi ya bilioni 100 ambazo zinadaiwa lakini hazipo.

Kutoka Benki Kuu hadi mkononi

Fedha zikitoka Mfuko Mkuu huingia Mfuko wa Mapato wa Kaunti, nao pia ni akaunti ya Benki Kuu. Gavana bado hawezi kuzigusa. Idara ya fedha ya kaunti huandika ombi kwa Msimamizi wa Bajeti, afisa anayeidhinisha utoaji wa fedha za umma, na ombi la serikali ya kaunti huwa mbali na la bunge la kaunti. La mishahara huambatana na orodha ya wafanyakazi. La miradi huambatana na maelezo ya miradi yenyewe. Msimamizi wa Bajeti hukagua kama matumizi hayo yamo katika bajeti iliyopitishwa. Akiridhika, fedha huhamia akaunti za matumizi, kisha malipo hupitia IFMIS, mfumo wa kompyuta wa kusimamia fedha za serikali, moja baada ya jingine.

Hapa hukwama mambo mengi yasiyohusiana na Hazina. Orodha ya wafanyakazi iliyoandikwa kwa mkono, nje ya mfumo rasmi wa mishahara, hurudishwa. Ombi la mradi usiomo katika mpango wa mwaka hurudishwa. Bunge la kaunti likigombana na gavana na kutopitisha bajeti kabla ya Juni 30, Msimamizi hana cha kuidhinisha hata Mfuko ukijaa.

Tuchukue kaunti ya kubuni yenye mgao wa bilioni 7.2, yaani milioni 600 kwa mwezi. Mishahara inakula milioni 320, bunge la kaunti milioni 60, dawa na uendeshaji wa hospitali milioni 70, mafuta, umeme na bima milioni 50. Zinabaki milioni 100 za miradi na madeni ya zamani. Fedha za Agosti na Septemba zisipokuja, halafu za Agosti pekee zikaingia katikati ya Oktoba, kinacholipwa kwanza ni mshahara halisi unaoingia mfukoni mwa mfanyakazi. Makato yake husubiri: mkopo wa SACCO, mchango wa pensheni, wakati mwingine hata kodi. Mwalimu wa chekechea amekatwa fedha katika hati yake ya mshahara, lakini SACCO inamwandikia barua kwamba hajalipa mkopo. Malimbikizo ya pensheni huanza kuzaa riba, na riba hiyo haimo katika bajeti yoyote.

Mwanakandarasi yuko nyuma ya hao wote. Juni fedha zikimiminika kwa pamoja wiki ya mwisho, IFMIS hufungwa tarehe 30, na zilizobaki hulala Mfuko wa Kaunti hadi bajeti ya ziada izipangie upya, mara nyingi Septemba au Oktoba. Taarifa za mwisho wa mwaka huonyesha kaunti ilitumia sehemu ndogo ya bajeti ya maendeleo. Mwaka unaofuata mbunge atasimama na taarifa hiyohiyo mkononi aseme: hawatumii hata wanazopewa, wataongezewa za nini?

Maamuzi ya Nairobi, bili za kaunti

Juni 2013 Wizara ya Afya ilitia saini mkataba wa pamoja na chama cha madaktari, muda mfupi kabla kaunti kuanza kubeba kazi ya afya. Kaunti zikasema hazikuwapo mezani. Mgogoro huo ulizaa mgomo wa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Mtindo haukuisha. Ada ya nyumba ya mwaka 2024 inamtaka mwajiri achangie asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mfanyakazi, na kaunti ni mwajiri mkubwa. Wahudumu wa afya ya jamii takribani 100,000 hulipwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kila upande. Upande mmoja ukichelewa, wao hupata 2,500. Wahudumu zaidi ya 8,000 walioajiriwa kwa mikataba chini ya mpango wa afya kwa wote walipigwa danadana kwa muda mrefu, kwa kuwa magavana walikataa kuwapokea bila fedha za mishahara yao.

Upande wa pili, serikali ya kitaifa imebaki na mashirika yanayofanya kazi za kaunti, hasa katika maji na barabara. Ndiyo maana kodi ya mafuta ya kukarabati barabara imekuwa ugomvi wa kudumu: kaunti zinadai zaidi ya bilioni 10 kwa mwaka kwa sababu barabara nyingi ni zao, wabunge wanataka fedha zibaki kwa mashirika ya kitaifa yanayofanya kazi katika maeneo bunge yao. Na serikali ya kitaifa yenyewe hukawia kulipa kaunti kodi ya ardhi ya majengo yake, ingawa hakuna karani wa kaunti anayethubutu kufunga kufuli kwenye lango la wizara.

Mashimo ya kaunti zenyewe

Haitakuwa haki kumwachia Hazina lawama yote. Madeni ya kaunti ambayo hayajalipwa yalifika takribani bilioni 182 Juni 2024, sehemu kubwa zaidi ikiwa ya Nairobi, na mengi hayakuletwa na mgao kuchelewa. Yaliletwa na bajeti za uongo. Kaunti inaandika itakusanya bilioni 1.2 ikijua uwezo wake ni milioni 700. Zabuni zinatolewa kwa bilioni 1.2. Zile milioni 500 hazikuwahi kuwapo, kwa hiyo kuna mwanakandarasi ambaye hangelipwa hata mgao ungefika tarehe mosi. Mwaka 2023/24 malengo ya kaunti zote yalikuwa takribani bilioni 81, zikapatikana 59.

Mshahara nao umevuka mpaka. Kanuni zinataka usizidi asilimia 35 ya mapato, na maendeleo yapate angalau asilimia 30. Kaunti nyingi zimevuka ya kwanza na kukosa ya pili. Baadhi zilirithi wafanyakazi wa mabaraza ya zamani na wa wizara 2013. Nyingine ziliajiri kwa msukumo wa kisiasa. Orodha za thamani ya ardhi nazo ni za kale. Nairobi kwa miaka mingi ilitoza kodi ya viwanja kwa thamani ya miaka ya 1980, wakati kiwanja cha Westlands kilikuwa kimepanda bei mara nyingi.

Fomula inagusa kiasi gani?

Ugomvi wa kaunti kwa kaunti una kelele zaidi kuliko uzito. Mwaka 2020 Seneti ilikwama wiki kadhaa kwa fomula ya tatu ya kugawa mgao kati ya kaunti: waliotaka idadi ya watu iongoze, na waliotetea maeneo makubwa yenye watu wachache. Jibu lilikuwa kuongeza chungu, kutoka bilioni 316.5 hadi 370, ili pasiwe na anayepungukiwa. Fomula ya nne iliyoanza 2025/26 inapima watu kwa asilimia 45, mgawo sawa kwa kila kaunti 35, umaskini 12 na ukubwa wa eneo 8. Lakini kati ya bilioni 415, bilioni 387.425 ziligawanywa kwa uwiano wa zamani na bilioni 4.46 zikapewa kaunti 12 ndogo. Fomula mpya iligusa bilioni 23 tu, chini ya asilimia 6.

Anayetaka kujua hali ya kaunti yake aache bilioni 415 kando na afungue ripoti ya robo mwaka ya Msimamizi wa Bajeti, ukurasa wa kaunti hiyo. Imo humo: kiasi kilichopokewa dhidi ya kilichostahili, makusanyo dhidi ya lengo, mishahara, na malimbikizo ya madeni. Mwanakandarasi ana jambo la ziada, nalo lifanywe kabla ya kununua saruji: LPO yake (hati rasmi ya kuagiza kazi au bidhaa) iwe imetoka ndani ya IFMIS, wala si karatasi iliyochapwa ofisini, mradi uwe na namba katika bajeti, hati ya ukaguzi wa kazi iwe na saini, ankara iwe na mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Baada ya uchaguzi wa 2022 magavana wapya waliunda kamati za kuchunguza madeni ya waliowatangulia, na bili zisizo na karatasi hizo zilikataliwa hata pale ambapo barabara ilikuwapo na magari yanapita juu yake.